Nota zinaingia, hazitoki: kutafuta MIDI inapokwama ndani ya programu ya muziki

"Fundi, laptopu imezidiwa." Simu nyingi za maprodyuza wa hapa Dodoma huanza hivyo, na anayepiga huwa ameshaulizia bei ya RAM. Nota hazisikiki, au zinasikika mara mbili, au vyombo vitano vinapiga kitu kimoja, basi lawama zote zinaiangukia kompyuta. Mara nyingi kompyuta haina kosa. MIDI ni lugha ambayo kinanda na kompyuta vinaitumia kuambiana nota ipi ipigwe; haibebi sauti yenyewe. Nota moja ya MIDI ni baiti 3 tu, na hata laptopu inayohema ukifungua kivinjari ina uwezo wa kubeba nota nyingi kuliko vidole vya kwaya nzima. Kinachoielemea ni sauti zenyewe: sampo (sauti zilizorekodiwa), riverbu (mwangwi), na plagini nzito, yaani vyombo na vionjo vinavyofunguliwa ndani ya programu ya muziki. Hapo utasikia mikwaruzo na sauti kukatikakatika. Lakini nota ikipotea kabisa, ikaenda kwenye chombo kisicho chake au ikagoma kuzima, usitafute RAM. Kuna mahali njiani imegonga ukomo.

Na ukomo wenyewe unajulikana. MIDI ya mwaka 1983, ambayo ndiyo bado inatembea kwenye vinanda vyetu, ina chaneli 16, yaani njia za kutenganisha vyombo, kwa kila poti, yaani mlango mmoja wa MIDI. Thamani nyingi zinaishia 127. Kebo ya pini 5 inapitisha biti 31,250 kwa sekunde, na haziongezeki hata ukinunua kebo ya bei mbaya. Halafu kuna ukomo ambao MIDI haihusiki nao, umewekwa na programu: Windows kwa miaka mingi imeiachia programu moja tu ishike poti ya kifaa, VST3, mojawapo ya mifumo ya plagini, haipitishi kila aina ya ujumbe, na baadhi ya programu za kurekodi zinageuza chaneli zote kuwa moja. Ukishajua umegonga upi, dawa yake ni ya dakika chache.

## Kwanza utazame ujumbe wenyewe

Usianze kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha. Weka programu ya kutazama MIDI. Kwenye Windows wengi wanatumia MIDI-OX, kwenye Mac ipo MIDI Monitor, na kwa programu za kurekodi, Cubase inayo ya kwake ndani, na REAPER ina ReaControlMIDI inayoonyesha kila ujumbe unaopita. Tazama sehemu tatu kwa mpangilio: ujumbe unapotoka kwenye kinanda, unapoingia kwenye treki, na unapoingia kwenye chombo. Ukiuona sehemu ya pili na sehemu ya tatu haupo, huna sababu ya kubadilisha kebo. Tatizo liko kati ya treki na plagini.

Mstari utakaouona utafanana na huu: 90 3C 64. Namba hizi zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, si ya kumi. Tarakimu ya kwanza, 9, inamaanisha nota imebonyezwa. Ya pili, 0, ni chaneli, na hapa wengi wanapotea, maana kompyuta inahesabu kuanzia sifuri: 0 ni chaneli ya 1, na 9 ni chaneli ya 10. 3C ni nota namba 60, do ya katikati. 64 ni nguvu ya kidole, yaani 100 kwa hesabu yetu ya kawaida. Kwa hiyo 99 24 7F ni chaneli ya 10, nota 36, kwa nguvu zote 127. Kwenye General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za sauti, hilo ni dramu kubwa la miguu. Nota inapoachiwa utaona 8 mwanzoni, au 9 ileile lakini nguvu ikiwa 00. Zote mbili ni sahihi.

Ukiona FE zinamiminika bila mtu kugusa kinanda, usishtuke. Kinanda kinasema tu kwamba bado kipo, na kinatakiwa kusema hivyo kabla ya milisekunde 300 kupita. Zichuje ili uone mengine.

## Poti inaonekana, lakini programu inakataa kuifungua

Laptopu nyingi zinazozunguka studio za hapa bado zina Windows 10, na humo draiva ya kawaida ya MIDI inashikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Programu ya pili inapewa ujumbe kwamba kifaa kinatumika, au haipewi ujumbe wowote, inakaa kimya tu. Tafuta nani amewahi. Mara nyingine ni programu ya kurusha maneno ya nyimbo ukutani, maana baadhi zinapokea MIDI na zinafunguka zenyewe laptopu ya kanisa ikiwashwa. Mara nyingine ni ukurasa wa Chrome wenye piano ya mtandaoni uliousahau. Na mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, ni MIDI-OX yenyewe uliyoifungua kutafuta tatizo. Ifunge, kisha uwashe upya programu ya muziki.

Kama unahitaji kinanda kimoja kiingie kwenye programu mbili kwa pamoja, tengeneza poti za kubuni kwa loopMIDI. MIDI-OX ishike kinanda, halafu itume nakala moja kwenye kila poti ya kubuni, na kila programu ichukue ya kwake. Wenye Mac hawana habari na shida hii. Mfumo wao unaruhusu programu nyingi kusoma poti moja, na poti za kubuni wanazo tayari, jina lake IAC.

Kama kinanda hakionekani kabisa, jaribu kwanza kebo nyingine ya USB. Kebo nyingi zinazouzwa za simu ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data: kinanda kinawaka taa, kompyuta haina habari. Vumbi letu nalo si la kupuuza kwenye tundu la USB. Kisha fungua Device Manager, chagua "Show hidden devices" kwenye menyu ya View, uangalie majina yaliyofifia. Kila unapochomeka kinanda kwenye tundu jingine, Windows inaweza kukiandikisha upya kama kifaa kipya, ndiyo maana unaona jina lilelile limetanguliwa na "2-" au "3-". Laptopu inayohamishwa kila wiki kutoka mazoezini kwenda ibadani inaweza kuwa na mlolongo mrefu wa vivuli vya namna hiyo. Njia ya zamani ya Windows ina nafasi 10 tu za draiva za MIDI, na vivuli vikizijaza, kifaa cha kumi na moja hakipati mlango. Futa vilivyofifia, washa upya kompyuta, halafu chagua tundu moja la USB na ulizoee.

## Vyombo vyote vinapiga kitu kimoja

Hii inawapata sana wanaorekodi kwaya kwa kinanda chenye ridhimu. Umehifadhi wimbo kwenye kinanda, ukaleta faili la .mid kwenye kompyuta, ukalifungua, na piano inapiga besi, tarumbeta na ngoma zote kwa pamoja. Faili hilo ni la aina ya 0, ambalo linaweka chaneli zote ndani ya treki moja. Aina ya 1 ndiyo inayotenganisha. Programu nyingi zinakuuliza wakati wa kuingiza faili kama utenganishe kwa chaneli, kubali. Kama hukuulizwa, tafuta amri ya kuivunja treki kwa chaneli.

Kwa anayetumia plagini moja yenye vyombo vingi ndani, sababu inaweza kuwa programu yenyewe. Ableton Live kwa kawaida haitunzi chaneli ndani ya klipu, ukiacha nota za MPE, utaratibu wa kuipa kila nota chaneli yake. Chochote kinachoingia kwenye treki kinatoka kwa chaneli moja. Ukitaka kufikia chombo cha tatu ndani ya plagini, tengeneza treki nyingine ya MIDI, ielekeze kwenye treki yenye plagini, kisha kwenye kisanduku cha pili uchague chaneli. FL Studio ina utaratibu wake: plagini inasikiliza poti yenye namba, na chombo cha MIDI Out lazima kiwe na namba hiyohiyo. Namba zikitofautiana hakuna kitakachosikika, na hakuna onyo lolote. Katika kila programu angalia pia kama treki inapokea chaneli zote au moja tu, na kama chombo kimewekwa kusikiliza zote. Chombo kinachosikiliza zote kitapiga kila kinachopita.

## Chombo cha kumi na saba

Umepanga wimbo vizuri, vyombo 16 vinapiga, ukaongeza filimbi moja na filimbi ikaanza kupiga sehemu ya piano. Umeishiwa chaneli, na programu imerudi kuanza upya kwenye 1. Hakuna kitufe cha kuongeza chaneli ya 17 ndani ya poti moja. Unachoweza kuongeza ni poti. Kifaa cha USB kinaruhusiwa kubeba hadi kebo 16 za kubuni ndani ya waya mmoja, kila moja na chaneli zake 16, ambazo jumla ni 256. REAPER inafanya jambo la namna hiyo ndani ya treki kwa mabasi ya MIDI, kila basi na chaneli 16. Kontakt, chombo cha kupigia sampo, ikifunguliwa peke yake ina poti A hadi D. Ikifunguliwa kama plagini mara nyingi unabaki na A tu, kwa hiyo usipange chombo kwenye poti B halafu ukashangaa kimya.

Ushauri wangu ni kuachana na plagini moja kubwa yenye kila kitu. Fungua nakala ya pili ya plagini kwenye treki nyingine. Inaanza na chaneli 16 mpya, hugombani na mtu. Zamani watu walikwepa hilo kwa sababu ya kumbukumbu ya kompyuta. Leo muda utakaopoteza kufuatilia chaneli una thamani kuliko RAM hiyo.

## Sintesaiza haikubaliani na ilimba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo hili ni letu wa Dodoma na miongozo mingi haina habari nalo.

Sampo za ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hazina shida, maana ulirekodi sauti yenyewe ikiwa na mizani yake, yaani mpangilio wake wa nota. Shida inaanza unapotaka pedi ya sintesaiza (sauti laini ya kushikilia) au nyuzi ziisindikize. Wachambuzi wa muziki wa Wagogo wameieleza mizani yao kuwa inafuata hamoniki, yaani sauti ambazo mitetemo yake ni mara 2, 3, 4 na kuendelea ya sauti moja ya msingi, na hamoniki ya saba haipo kwenye kinanda cha kawaida. Chukua hamoniki 6, 7, 8, 9 na 10, na uifanye ya 8 kuwa C. Unapata G, B-flati, C, D na E. Ukilinganisha na kinanda, ambapo nusu toni ni senti 100, G iko juu kwa senti 2, D kwa senti 4, E iko chini kwa senti 14, na B-flati iko chini kwa senti 31. Hizo 31 sikio la mpigaji haliwezi kuzisamehe. Ukiacha pedi ishike B-flati ya kinanda chini ya ilimba, utasikia zinavyogombana. Hizi ni hesabu za kuanzia tu. Ilimba ya kila mpigaji ina tabia yake, kwa hiyo rekodi funguo moja moja, uzipime kwa chombo cha kupimia sauti, kisha utumie namba zako.

Njia ya kawaida ya kurekebisha ni pichi bendi, ujumbe wa kuivuta nota juu au chini; mvuto huo nitauita mkunjo. Na hapa ndipo unagonga ukomo: pichi bendi inavuta chaneli nzima, haichagui nota. Ukiishusha B-flati kwa senti 31, C inayolia nayo inashuka vilevile. Dawa ni kuipa kila nota inayohitaji mkunjo wake chaneli yake. Nota tano ni chaneli tano. Chaneli ya 10 umeziachia ngoma, zimebaki 15, yaani sintesaiza tatu tu na poti imejaa. Lakini tazama tena zile namba. Senti 2 na senti 4 si za kupigania, kwa hiyo G na D zikae chaneli moja na C. Zinabaki chaneli tatu kwa kila sintesaiza, na ndani ya chaneli 15 zinaenea sintesaiza tano.

Pichi bendi ina hatua 16,384, katikati ni 8192. Chombo kikiwa na upana wa nusu toni 2 kwenda juu na 2 kwenda chini, senti 31 (kwa usahihi zaidi 31.17) ni kama hatua 1277, kwa hiyo B-flati inapewa 6915. E, kwa senti 14 pungufu (kwa usahihi zaidi 13.69), inapewa kama 7631. Ziandike mwanzoni mwa kila treki.

Ukifika hapo, dalili nne zinaweza kukutokea.

Ya kwanza, B-flati inaporomoka kabisa, zaidi ya nusu toni saba chini. Upana wa pichi bendi haulingani. Vyombo vilivyowekwa kwenye MPE, utaratibu wa mwaka 2018 wa kuipa kila nota chaneli yake, vinaanza na upana wa nusu toni 48. Zile hatua 1277 zinageuka senti 748. Weka upana kuwa 2 ndani ya chombo chenyewe kwa mkono. Ipo njia ya kuutuma kwa MIDI kwa kontrola, yaani ujumbe wenye namba wa vitufe na pedali: kontrola 101 na 100 zote sifuri kisha kontrola 6 iwe 2, ila isipopita utapoteza asubuhi nzima ukitafuta sababu.

Ya pili, nota zote zinashuka pamoja japo umetenganisha chaneli. Ama programu imezigeuza kuwa moja kabla hazijafika, ama plagini imeunganisha pichi bendi ya chaneli zote kwenye kitufe kimoja. Programu ya kutazama MIDI kwenye sehemu ya tatu, mlangoni mwa chombo, itakuambia. Chaneli zikifika salama, tatizo ni plagini. Fungua nakala tatu zake, kila moja na mkunjo wake.

Ya tatu, nota inaanza kwenye sauti moja kisha inateleza hadi mahali pake. Mkunjo na nota vimewekwa wakati uleule na nota imetangulia. Usogeze mkunjo nyuma kidogo, kabla ya nota.

Ya nne ndiyo inayowachanganya wengi: wimbo ukiuanza mwanzo uko sawa, ukiuanza katikati ilimba na pedi vinagombana. Mkunjo umeandikwa kwenye baa ya kwanza, wewe umeanzia baa ya 40, kwa hiyo haukutumwa. Cubase, Logic na REAPER zina mpangilio wa kufuatilia kontrola za nyuma, jina lake lina neno "chase". Uwashe, na uhakikishe pichi bendi imo. Angalia pia kama programu inarudisha pichi bendi katikati kila unapobonyeza kusimama. Ikifanya hivyo bila kufuatilia, mkunjo wako unafutika kila mara.

Nikiulizwa, lakini, nitasema uikwepe kazi hii yote ukiweza. Surge XT ni sintesaiza ya bure, na inapokea faili la mizani la Scala. Andika mizani ya ilimba yako mara moja kwenye faili la maandishi, lipakie, na chaneli moja inatosha kwa nota zote. Pichi bendi ibaki kwa vyombo visivyojua mizani nyingine.

## Pedali na vitufe havifiki kwenye chombo

Nota zinapita vizuri, pedali haishiki. Ukibadilisha plagini ileile kutoka VST3 kwenda VST2 inashika. Hilo si ushirikina. VST3, iliyotoka mwaka 2008, inapeleka nota kama matukio, lakini kontrola za MIDI haizipeleki zilivyo. Programu inaiuliza plagini kila kontrola iunganishwe na kitufe gani. Mtengenezaji asipojibu vizuri, kontrola inaishia mlangoni. Ujumbe wa kubadili sauti kwa namba nao haupiti kama ulivyokuwa unapita. Suluhisho ni kufungua toleo jingine la plagini kama lipo, au kuunganisha kitufe moja kwa moja kwa njia ya otomesheni, yaani programu yenyewe iusogeze mpangilio wa plagini.

Kama kontrola inafika na chombo bado kimenyamaza, angalia namba. Pedali ni 64, gurudumu la modulesheni ni 1, kiwango cha sauti ni 7, na ekspresheni (kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya wimbo) ni 11. Chombo ambacho kontrola 7 yake imebaki kwenye 0 tangu wimbo wa jana hakitasikika hata ukigonga kwa ngumi.

## Kila nota mara mbili

"Mwalimu, kinanda kinajibu mara mbili," kijana wa kinanda anamwambia mwalimu wa kwaya, na ni kweli. Kinanda kinapiga sauti yake, kisha nota inakwenda kwenye kompyuta na kompyuta inairudisha kinandani ipigwe tena. Sauti inakuwa nyembamba na nota zinaisha mapema, maana kila moja inachukua nafasi mbili. Zima "Local Control" kwenye kinanda wakati wa kurekodi. Ibada ikianza uiwashe tena, la sivyo kinanda kitakuwa bubu mbele ya waumini.

Mzunguko mbaya zaidi ni ule wa poti za kubuni. Treki imewekwa kupokea kutoka kwenye poti zote, na inatuma kwenye poti ya loopMIDI ambayo nayo ni mojawapo ya hizo zote. Nota moja inazunguka bila mwisho na programu inaganda. Usiache treki ikipokea kila kitu. Chagua kinanda kwa jina, na uzime upande wa kupokea wa poti usiyoihitaji.

## Nota imeng'ang'ania

Nota haizimi kwa sababu ujumbe wa kuachia haukufika, au umefika kwenye chaneli au nota nyingine. Ukibadilisha chaneli au ukipandisha oktavu huku kidole kiko chini, baadhi ya vinanda vitatuma ujumbe wa kuachia kwa mahali papya, na nota ya zamani itabaki inalia. Kebo ikichomoka au umeme ukikatika katikati ya nota, matokeo ni yaleyale.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha dharura, jua utaratibu wake. Kontrola 123 inazima nota zote, lakini chombo kikidhani pedali imekanyagwa kitasubiri pedali iachiwe. Kwa hiyo tuma 64 yenye thamani 0 kwanza, ndipo 123. Kontrola 120 inakata sauti papo hapo. Na kama kila nota inang'ang'ania tangu kinanda kiwashwe, huenda pedali ilikuwa imekanyagwa wakati wa kuwasha, au imelaliwa na begi. Vinanda vingi vinapima mwelekeo wa pedali wakati huo. Zima, toa begi, washa.

## Muheme wote una nguvu moja

Umecheza muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na kina mama, kwa sampo, na pedi ya kugonga au kinanda kimewekwa nguvu isiyobadilika, na kila pigo linatoka 127. Tafuta mpangilio wa mguso ndani ya kifaa. Kama kwenye MIDI-OX namba zinabadilika lakini sauti haibadiliki, sampo zako zina tabaka moja tu. Rudi kwa kina mama ukarekodi mapigo laini pia.

## Nota zinachelewa au zinatawanyika

Kwenye kebo ya pini 5 kila baiti inatembea na biti 10, kwa hiyo inachukua maikrosekunde 320, na nota moja karibu milisekunde 1. Koodi ya vidole kumi inafika ikiwa imesambaa kwa milisekunde 9.6. Kwa hesabu hiyo peke yake hutasikia tofauti kubwa. Utaisikia pale vyombo vinne vimeunganishwa kwa mnyororo kwenye kebo moja, na kila kidole kinatuma shinikizo la baada ya mguso mfululizo, juu ya saa ya MIDI inayotuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo. Foleni ni ya dirisha moja. Chuja shinikizo kama hulitumii, zima saa kwa vyombo visivyoihitaji, na vyombo vyenye USB uvitoe kwenye mnyororo.

Kama unatumia USB pekee na bado nota zinachelewa kwa kiwango kilekile kila mara, hiyo ni bafa ya sauti, akiba ambayo kompyuta inaijaza kabla ya kuitoa sauti. Ipunguze, MIDI haihusiki.

Zile kebo ndogo za bei rahisi za USB kwenda pini 5 zinafanya kazi kwa nota. Usiziamini kwa SysEx, yaani zile data ndefu za kuhifadhi mipangilio ya kinanda. Nyingi zinaikata katikati, na kinanda kinabaki na mipangilio nusu. Na maandishi ya IN na OUT kwenye vichwa vyake yanamaanisha tundu la kuchomekwa kwa baadhi, na kazi ya kebo kwa nyingine. Kebo ikiwa kimya, vibadilishe vichwa hivyo nafasi kabla ya kuirudisha dukani.

## Mradi uliokuwa mzima unakufa studio nyingine

Programu nyingi zinakumbuka poti kwa jina au namba ya kompyuta yako, na ukienda kwa mwenzako hakuna jina hilo. Treki zote zinafunguka, hakuna inayotoa sauti. Kabla ya kuondoka, geuza kila treki ya MIDI kuwa sauti na uiweke ndani ya mradi, kisha andika kwenye faili la maandishi kila treki na poti yake, chaneli, upana wa pichi bendi na jina la chombo.

Usitegemee faili la .mid likubebee hayo. Linabeba chaneli 16, na alama ya poti ambayo baadhi ya programu huiandika ndani yake si sehemu rasmi ya utaratibu, kwa hiyo programu nyingine inaipuuza na vyombo vya poti B vinaangukia juu ya vile vya poti A. Wimbo wenye poti mbili uhifadhi kama mafaili mawili, moja kwa kila poti, na jina la poti liwe kwenye jina la faili.